Kuokota Shamba kwa Pikapu ya Mkwe

Nyinyi mama wa kikundi mmeniuliza mpaka nimechoka. Kila mtu anakuja na mdomo yake: "Mama Wanjiru, uliokota? Mama Wanjiru, ni ya juu ama ya chini? Mama Wanjiru, mbona umenyamaza hivyo?" Sasa nimesema nitaongea mara moja, Zaituni aandike, halafu mtasomeana. Mimi sikuenda shule, mnajua. Kalamu nikiishika ni kama nimeshika mkia ya nyoka. Zaituni alisoma, na tena siku hiyo alikuwa hapo, kwa hivyo nikidanganya atanikata. Lakini amekataa kuandika vile alikoroma kwa gari. Andika, Zaituni. Alikoroma.

Mambo ya hisa na karatasi za ofisi sitaki kuitaja, itatulaza hapa. Mjue tu hivi: mzee wangu alinunua hisa ya hiyo shamba ya Ruiru wakati Wanjiru alikuwa anatambaa, na akakufa haijagawanywa. Tulikuwa tunakaa nyumba za estate ya kahawa, hatuna hata mahali ya kupanda kitunguu. Alizikwa kwa makaburi ya watu wote hapo Thika. Nilienda kumpalilia nikakuta wamemwekea wenzake karibu-karibu mpaka sikujua ni gani yake. Nikapalilia tatu, nikarudi nyumbani. Kwa hivyo kitu nilikuwa natafuta ni moja. Udongo yangu. Nijenge kanyumba ka mabati, nipande ndizi, na siku yangu ikifika niwekwe hapo, mtu asinikanyage akitafuta wake.

Na sheria ya siku ya kuokota ni hii. Unaitwa jina vile orodha inafuatana, unatoka wewe mwenyewe na kitambulisho, hakuna kutuma mtu, unaingiza mkono kwa sufuria unatoa karatasi. Karatasi ina namba ya ploti. Za juu ni udongo nyekundu, ukitema mate inamea. Za chini ni kule walichimba mawe ya kujenga. Ukiitwa na hauko, unangoja mwisho kabisa, unaokota kile wenzako wameacha.

Ngoingwa, kwa mlango

Mkwe wangu Kariuki, bwana ya Wanjiru, ana pikapu kuukuu kuliko ndoa yake. Aliposikia habari ya Ruiru alimtuma Wanjiru: "Ambia mama nitampeleka." Hakuniambia mwenyewe. Kariuki hajawahi kuniambia kitu mwenyewe. Mnajua sisi tuna thoni, ile heshima ya haya. Mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, hawali mahali pamoja, na neno likitaka kupita katikati yao linatafutiwa mtu wa kulibeba. Vijana wengi wameacha. Wanamshika mama mkwe bega kama wametoka naye baa. Kariuki hakuacha. Huyo akinisikia nakohoa njiani, anaingia kwa mahindi ya watu mpaka nipite.

Sasa pikapu ni kiti moja mbele. Nitakaa aje na yeye? Ndio nikaenda kwa Zaituni, nikamwambia akae katikati yetu, awe ukuta, na awe simu pia.

"Yaani Mama Wanjiru," akasema na ile Kiswahili yake ya Majengo, imepigwa pasi, "mimi nifunge biashara yangu ya viazi nikawe waya?"

"Ndiyo. Waya."

"Wallahi dunia imekwisha." Lakini alikuja, na bakuli ya kaimati juu ya magoti. Mimi nilibeba nduma za kuchemsha na flaski ya chai.

Gari ilipofika kwa mlango yangu hapo Ngoingwa nilishangaa. Hiyo pikapu nyinyi mnaijua, moshi yake haitoki nyuma kama ya wengine, inaingia ndani na watu. Kariuki huendesha kichwa iko nje ya dirisha kama ng'ombe kwa lori. Wanjiru akipanda na nguo ya kanisa anashuka ananuka gereji. Lakini siku hiyo, hakuna moshi! Hakuna harufu! Kiti imefunikwa na shuka ya maua. Nikamwambia Zaituni, "Ambia dereva leo gari yake ni safi kama sahani."

"Dereva, umeambiwa gari yako leo ni safi kama sahani."

Kariuki akaangalia barabara mbele, jasho ikatoka kwa pua. "Mwambie asante."

"Umeambiwa asante."

"Nimesikia, Zaituni. Siko Mombasa."

Tukaondoka. Nilikuwa na furaha hapo. Niseme hiyo furaha mapema, kwa sababu hamtaisikia tena.

Thika, kwa Dakitari

Tulipita tauni kutia petroli. Tulipotoka tu, karibu na soko, nikasikia PO! chini ya boneti, kama mtu amefungua chupa na meno. Halafu moshi ikapanda mbele ya kioo, nyeupe, nyingi. Wamama wa soko wakaanza: "Moto! Woi, moto! Toeni cucu kwanza, toeni nyanya!" Mwanaume mmoja akakimbia na karai ya maji ya kuosha sukuma wiki, na majani bado iko ndani. Kariuki akamrukia na mikono yote: "Usimwage! Ni oil! Ni oil inachomeka, siyo moto!"

Kumbe kale kachuma ka kupimia oil kalikuwa kameruka kutoka kwa shimo yake, kamelala juu ya betri, na oil imefuata nyuma ikarukia bomba ya moto. Kariuki akakarudisha. Akapanguza. Halafu akabaki ameinama hapo. Mimi niliangalia huo mgongo nikaona ni mgongo ya mtu anajua kitu.

Wakaitisha fundi. Huyo anaitwa Dakitari na tumbo yake inafika kazini kabla yake. Akapeana mkono kwa watu wote, akapanguza yake na suruali, akaweka kichwa ndani ya gari. "Mama, usijari! Usijari kabisa! Hii gari nitaitengeneza mpaka ikuite jina. Dereva, ni nani mwendawazimu aliweka hizi mbaipu? Hii iko pa ile, na ile iko pa hii! Injini inaiba hewa!"

Niwaambie juu ya hizo paipu, kwa sababu ndizo zilitumaliza. Ni mpira nyeusi, zingine nyembamba, zingine nono, zinatoka kwa kabureta zinaenda huku na kule kama matumbo ya mbuzi kwa karai. Anayejua gani ni ya kutengeneza mutura, ile ya kujazwa nyama na damu, ni yule amechinja. Dakitari alizivuta zote mara moja. Akazishika kwa mkono moja, akaziangalia, halafu akaanza kukuna kichwa. Hapo nilijua tumekwisha. Mtu akitoa matumbo yote kabla hajaona ilikuwa imeshikana wapi, huyo hajui mbuzi.

"Dereva, kuna kitu uliguza jana?" Dakitari akauliza.

Kariuki akaangalia Zaituni. Akaangalia viatu vyangu, maana uso yangu hawezi. "Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Basi Dakitari akaanza kurudisha. Hii hapa, hapana, hii kule. Injini inawashwa, inakohoa, inazimwa. Jua inapanda. Njaa ikaingia. Lakini kukula ni aje? Mimi siwezi kutafuna nduma mkwe akiniangalia, na yeye hawezi kutafuna mimi nikimwangalia. Zaituni akanipeleka nyuma ya kibanda ya makaa, nikala nimeangalia ukuta kama mtoto amefukuzwa darasani. Kariuki tukamwachia yake kwa kiti ya gari, imefunikwa na kitambaa. Tuliporudi, kitambaa iko, bakuli iko, na Dakitari anapanguza mdomo. "Hii kaimati ni ya nani, ni tamu sana!"

Kariuki akaifunika tena hiyo bakuli tupu. Hata hiyo aliona haya kuisema.

Mwisho injini ikashika. Ilikuwa inalia ssss, ssss, kama mtu amekanyaga paka na hajatoa mguu. Dakitari akapiga boneti: "Hiyo ni sauti ya afya!"

Kuteremka Ndarugo

Mnajua barabara ikitoka Thika, kuna pahali inateremka kwenda kwa daraja ya mto Ndarugo halafu inapanda upande ile ingine. Hapo ndipo Kariuki alikanyaga breki na breki ikakataa. Haikuwa imekatika. Ilikuwa ngumu. Nilimwona akisimama kwa kiti kabisa, matako juu, anakanyaga na miguu zote mbili, mishipa ya shingo imetoka kama kamba za ng'ombe.

Mbele yetu kulikuwa na punda na mkokoteni ya mitungi ya maji.

"Zaituni," nikasema, "ambia dereva kuna punda."

"Dereva, kuna..."

"NIMEIONA!"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia Kariuki akipaaza sauti mbele yangu, na hata hapo, baada ya kupita punda kwa upana ya kidole, aligeuka kwa Zaituni na sauti ya kanisa: "Mwambie anisamehe, nimepiga kelele."

Zaituni alikuwa anasoma dua. Hakubeba hiyo ujumbe. Mwenye punda alitubebea yake, sitairudia hapa, lakini ilitaja mama yangu na hakuwa amekosea sana, maana mimi ndiye nilikuwa nimeleta hiyo gari barabarani.

Tulipoanza kupanda, ile ssss ikazidi, gari ikatetemeka, ikakufa.

Sasa fikirieni. Mimi niko hapo kwa mlima. Naangalia magari yanapita, na kwa kichwa nasikia mwenyekiti wa wenye hisa anaita watu. Fulani! Anatoka, anaokota. Fulani! Anatoka, anaokota. Ni kama kukaa kwa sherehe unaona nyama inakatwa na wewe umefungiwa kwa choo. Zaituni akaniambia sauti ya chini, "Shuka tupande matatu. Mpaka Ruiru ni karibu. Huko Mungu atatuonyesha."

Nikamwambia hapana. Mkwe akikubeba kwa gari yake, na ukashuka ukapanda ya mtu mwingine akiona, hiyo ni kumvua nguo barabarani. Na akirudi kwa Wanjiru bila nguo, Wanjiru ataishi na yeye aje?

"Basi kaa na nguo zake," Zaituni akasema, "ukose shamba."

Huyu anaandika hapa sasa anatingisha kichwa. Tingisha. Ulisema.

Juja, na watoto wa chuo

Tulisukumwa mpaka juu na vijana wa university, wamejaa barabarani wakirudi kwa vyumba vyao. "Niaje, shosho! Nyanya yetu, usijali, tuko! Moja, mbili, sukuma!" Mmoja wao, mrefu, miwani imefungwa na uzi, alikuwa anasomea hiyo mambo ya mashini. Akafungua boneti na akacheka. Siyo kwa ubaya. Alicheka kama mtu ameona nguo imevaliwa ndani nje.

"Buda," akamwambia Kariuki, "nani alikufanyia hivi?"

"Dakitari."

"Wa watu ama wa magari?"

Huyo kijana sitamsema vibaya. Alinieleza mpaka mimi nikaelewa. Alisema injini inavuta, kama wewe shosho ukivuta uji na mrija. Hiyo nguvu ya kuvuta ndiyo inatumwa kwa paipu nono mpaka kwa breki, inasaidia mguu. Dakitari alikuwa ameichomeka pahali hakuna kuvuta, na kule kwa kuvuta akaacha wazi, ndio ile ssss. Akazirudisha moja moja, akifuata na kidole kila paipu mpaka mwisho wake kabla ya kuguza ingine. Breki ikarudi kuwa laini. Hata Zaituni akatabasamu.

Halafu kijana akasema, "Iko ingine moja. Injini pia lazima ipumue nje. Ndani ya tumbo yake kuna hewa inajaa, lazima kuwe na paipu ya kuitoa, inatoka hapa kwa kifuniko. Yako inaenda wapi? Naona imefungwa na kilemba."

Ilikuwa imefungwa na kitambaa na waya, vizuri kabisa, kama kidole imekatika.

Kariuki aliangalia hicho kitambaa. Akaangalia Zaituni. Halafu akaangalia viatu vyangu, muda mrefu. "Hiyo iko sawa," akasema. "Ni kawaida yake."

"Una uhakika?"

"Iko sawa."

"Poa. Gari ni yako." Na kwa sababu kachuma ka oil kalikuwa kameruka, kijana akakafunga na waya nene, akaizungusha, akaivuta. "Sasa hiyo haitoki tena, shosho. Enda uokote hiyo shamba, unipatie kona nijenge."

Nilimbariki. Nikaweka mate kwa kifua, nikambariki.

Ruiru, mahali pa chai

Kutoka Juja tulienda vizuri kidogo. Zaituni ndio akakoroma. Halafu nikaona kitu kama mchezo: injini inalia kwa nguvu, wuuuu, na gari haiendi. Kariuki anakanyaga, wuuuu, na mama mwenye mtoto mgongoni anatupita kwa miguu. Nyuma yetu barabara ilikuwa na mstari nyeusi, ndefu, tangu huko tulitoka. Ni kama tulikuwa tunachora njia tusipotee. Oil ilikosa kutokea juu, ikatafuta mahali ingine ya kutokea. Ikapita nyuma ya injini, ikaingia kwa klachi, klachi ikawa inateleza.

Tuliingia Ruiru hivyo, tukilia na hatutembei. Gereji ya kwanza tuliyoona ilikuwa ya mzee mmoja Mkamba mwenye kelele. Hakufungua hata boneti. Alizunguka gari mara moja, akatuangalia sisi watatu vile tumesimama: mimi huku, Kariuki kule, Zaituni katikati.

"Huyu mama ni nani yako?" akauliza Kariuki.

Kariuki akanong'ona.

"Aaa! Mama mkwe!" Akapiga makofi. "Sasa wamama, nendeni pale ng'ambo mnywe chai. Hii gari ina maneno haiwezi kusema mkiwa hapa."

Tukaenda. Kwa hoteli nilikaa nikiangalia ng'ambo. Niliona Kariuki anaongea. Jamani, aliongea! Mikono inaenda juu, chini. Huyu mtu wa maneno matatu alikuwa anaongea kama mnada. Mzee alisikiza, akafungua boneti, akakata ule waya wa kilemba, akavuta kitambaa, na ndani ya kitambaa akatoa gunzi. Gunzi ya mahindi. Imeloa oil mpaka imekuwa nyeusi. Akaiinua juu aione kwa jua, na akacheka mpaka akashika goti.

Zaituni alivuka barabara kwenda kuuliza. Aliporudi hakukaa chini mara moja.

"Ile moshi ilikuwa inaingia ndani ya gari," akaniambia, "ilikuwa inatoka kwa hiyo paipu ya kupumua. Jana usiku aliona haya. Alisema, mama mkwe hawezi kukaa kwa moshi yangu, nguo yake inuke. Hana paipu ya kuipeleka mahali ingine. Akaiziba. Pumzi ikakosa njia, ndio ikatupa kachuma. Na kachuma kakifungwa, ikapasua huko nyuma."

"Na mbona hakusema Thika? Mbona hakusema Juja?"

"Aseme mbele yako? Aseme gari yake inanuka na ameiziba kwa ajili yako?"

Ningekuwa Kariuki, ningenyamaza pia. Hiyo ndiyo ilinimaliza nguvu: hakuna mtu wa kukasirikia. Ningepata mjinga moja tu siku hiyo ningemla mzima. Dakitari hakutosha.

Hapo kwa hoteli akaingia mama mmoja amejaa mavumbi na furaha, akaagiza chai na mandazi ya watu wake wote. "Nimeokota ya juu!" anasema. "Ya kona! Mungu ni mwema, ya kona!"

Nikamuuliza wamefika jina gani. Akaniambia. Lilikuwa limepita langu.

"Ulikuwa uende leo, cucu?" akaniuliza. Uso yake ikabadilika. Akasukuma sahani ya mandazi kwangu, na mimi nikaichukua, maana mkono lazima ifanye kitu.

Zaituni alisimama kwa barabara ya murram inayoenda kule shambani, akiomba kila gari. Lakini zote zilikuwa zinatoka huko na watu wanaimba. Hakuna moja ilikuwa inaenda. Na mguu yangu ya kushoto mnaijua, haiwezi kutembea mbali. Mzee wa gereji alikuwa amemwagia klachi petroli ioshe oil, akasema lazima ikauke. Tukangoja klachi ikauke. Nimewahi kungoja mvua, nimengoja mtoto azaliwe, nimengoja mzee wangu akate roho. Kungoja klachi ikauke sikuwa najua iko.

Shambani

Tulifika watu wakikunja viti. Mwenyekiti, mwenye koti na sauti ya kuhubiri, alikuwa na soda kwa mkono.

"Mama, uliitwa. Ukaitwa tena. Ukaitwa ya tatu, hata mimi mwenyewe nilisimama nikaangalia barabara. Sasa, mama, sheria ni sheria."

"Na karatasi?"

"Karatasi iko. Hapa hakuna mtu ananyimwa. Iko moja."

Sufuria ilikuwa ile ya kupikia githeri ya harusi. Nikaingiza mkono. Mnajua kuokota kitu ikiwa imebaki moja? Mkono inazunguka. Inatafuta, inaacha, inarudi, kama bado kuna kuchagua.

Kijana wa kupima shamba alifungua karatasi, akasoma, hakuniangalia. "Twende nikuonyeshe, shosho."

Tukapita udongo nyekundu. Watu walikuwa wanachomeka vijiti, mwanaume anapima na hatua mahali jikoni itakaa. Mama mmoja alikuwa amepiga magoti tayari, anapanda mche wa ndizi aliobeba kutoka nyumbani. "Karibu, jirani!" akaniita. Nikamwambia asante, na tukaendelea kuteremka.

Ni shimo. Mawe yamekatwa pande zote, wima, kama mkate na kisu. Na ile mvua ya Elinino iliijaza. Maji kijani, matete, na vyura wanaongea wote pamoja bila mwenyekiti.

"Bikoni ya mpaka iko wapi?" nikauliza.

"Moja ni ile." Chuma ilikuwa imetoa kichwa kwa maji, kidogo, kama mtu anazama.

"Na zingine?"

"Ziko chini, shosho. Tulipima kabla ya mvua."

"Na mtu anajenga wapi?"

Akafikiria, maskini, alitaka kunisaidia. "Kuna watu wanafuga samaki."

Mwenyekiti alikuwa ametufuata na watu wengine. Nikamwambia, "Mwenyekiti, nilikuja kutafuta mahali pa kuzikwa, na nyinyi mmenichimbia kabisa. Lakini mimi ni mfupi. Hii yote ni ya nini?" Watu wakacheka sana. Mimi pia nikacheka. Halafu wao wakaendelea na mimi nikaacha, nikakaa kwa jiwe.

Walipoondoka, Kariuki alikuja mpaka ukingoni. Zaituni alikuwa katikati yetu kama kawaida. Akarudi nyuma, akatuacha tumebaki bila mtu.

"Mama," Kariuki akasema. Kwangu. Yeye mwenyewe. "Mama, ni mimi nimekufanyia hivi."

Nilitaka kumjibu. Mnajua huu mdomo wangu, unaweza kuwa mwenyekiti, unaweza kuwa Dakitari, unaweza kuwa punda. Siku hiyo niliutafutia sauti ya kumjibu huyo mtoto nikakosa. Nikasema, "Zaituni, ambia dereva twende, Wanjiru anangoja." Zaituni alifunga mdomo. Kariuki akangoja kidogo, kama kuna kitu ingine itatoka kwangu. Halafu akaenda kuwasha gari.

Basi mmesikia. Ofisi nimeenda, wamesema hakuna kubadilisha. Mtu wa kumuuzia hakuna, nani atanunua vyura.

Lakini Wanjiru ameniambia kitu, na ameniapisha nisiitaje, kwa hivyo naitaja kwenu tu. Kila Jumapili Kariuki akitoka kanisa hakai kula nyumbani. Anajaza pikapu udongo nyekundu mahali wanapojenga maghorofa hapo Ngoingwa, anaendesha mpaka Ruiru, anarudi nyuma hadi ukingoni, na anamwaga kwa shimo. Sepetu kwa sepetu, peke yake. Udongo ikiingia, maji inakuwa nyekundu, inazunguka, halafu inafunga.

Kwa hivyo mkitaka kwenda kuiona ploti yangu, endeni siku ingine. Mkienda Jumapili na mkute pikapu hapo, rudini pole pole bila kumsalimu. Ataona haya.

Jana nilimuuliza Wanjiru kama udongo imeanza kuonekana. Amesema bado.